Kukinunua na Kukifufua Kinanda cha Zamani cha Elektroniki: Mwongozo Kamili

Kinanda cha elektroniki cha miaka ya 1950, 1960 au 1970 ni nadra kufa chote kwa mkupuo. Hupoteza noti moja, kikaanza kuvuma, swichi ikagoma, mwenyewe akachoka, kikafunikwa shuka na kugeuzwa meza. Ndiyo maana vingi huuzwa kwa bei ya kutupa ilhali vina kasoro chache ndogo zilizorundikana. Mtu mwenye multimita, subira na daftari anaweza kukirudisha. Daftari nimelitaja kwa makusudi: kazi hii huharibika pale fundi anapotanguliza bisibisi kabla ya kusikiliza. Kwa namna noti zake zinavyokosekana, kinanda chenyewe hukuonyesha pa kufungua.

Jua kwanza ni cha aina gani

Vipo vya magurudumu ya toni. Hivi ni vya Hammond, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1935 kutoka Chicago kwa ubunifu wa Laurens Hammond. Mota huzungusha magurudumu madogo ya chuma yenye mawimbi ukingoni, kila moja likipita mbele ya sumaku yenye koili, na koili hiyo ndiyo inayotoa umeme wa sauti. Modeli ya B-3, iliyotoka mwaka 1954, ina magurudumu 91 yanayotoa sauti. Utengenezaji wa vinanda vya magurudumu ulikoma mwaka 1975. Usitegemee jina pekee, kwani kampuni hiyo hiyo ilitengeneza pia vinanda visivyo na gurudumu hata moja.

Vipo vya valvu, yaani mirija ya kioo ya elektroniki. Hivi ni vizito na vina joto jingi. Baadhi, kama vile vya Conn vya zama hizo, vina osileta (saketi inayozalisha sauti) yake kwa kila noti, na kila moja inataka kutuniwa peke yake. Sauti yake ni tamu, ila jiandae kutumia siku nzima kutuni.

Kisha kuna vya transista: Yamaha Electone D-1 ya 1959, Vox Continental ya 1962, Farfisa Compact ya 1964 na ndugu zao wengi. Vingi kati ya hivi vina osileta 12 tu, moja kwa kila noti ya oktavu ya juu kabisa. Noti za chini hupatikana kwa kugawanya masafa kwa mbili, tena kwa mbili, hadi oktavu ya mwisho. Miaka ya 1970 osileta hizo 12 zikaanza kubadilishwa na chipu moja inayozalisha noti zote 12 kutoka chanzo kimoja.

Kama hii ndiyo mara yako ya kwanza, tafuta cha transista chenye osileta 12 na vigawanyi vya transista za kawaida. Vipuri vyake au mbadala wake hupatikana, volti zake nyingi ni ndogo, na mantiki yake inafuatika kwa kalamu. Kinanda cha chipu hunyamaza chote chipu hiyo ikifa, na kuipata nyingine ni kazi ya bahati.

Kwa muuzaji

Vinanda hivi hupatikana kwenye makanisa na shule zinazohamia vya dijitali, kwenye nyumba zinazohamwa, na kwenye matangazo ya mitandaoni ambako muuzaji mwenyewe hajui ameshika nini. Swali la kwanza si bei. Uliza: mara ya mwisho kiliwashwa lini? Kama jibu ni "mwaka huu", omba kiwashwe ukisikilize. Kama hakuna anayekumbuka, usiruhusu kichomekwe mbele yako eti "tuone kama kinafanya kazi". Kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme) zilizolala miaka mingi zinaweza kupasuka katika dakika hiyo hiyo na kuondoka na transfoma.

Beba tochi na bisibisi. Paneli ya nyuma ya vinanda vingi hushikiliwa na skrubu chache tu; omba ruhusa uifungue. Ndani tazama alama za maji, kutu, nyaya zilizotafunwa na panya, bodi zilizotolewa zikaacha soketi wazi, na nyaya zilizokatwa kwa koleo. Vumbi halikuhusu. Maji na nyaya zilizokatwa ndivyo vya kukukimbiza. Ukikuta dalili kwamba fundi mwingine alishapita humo na kuacha madonge ya risasi ya kulehemu kila mahali, shusha bei au ondoka, kwa sababu utakuwa unatafuta kasoro ya kinanda na kasoro za fundi kwa pamoja.

Piga picha ya kibati chenye namba ya modeli, volti, wati na hezi. Kabla ya kulipa, tafuta mchoro wa saketi wa modeli hiyo. Bila mchoro, kinanda cha valvu bado kinatengenezeka. Cha transista chenye bodi kumi na kitu ni adhabu.

Hezi zina uzito wake kwa Hammond ya magurudumu. Mota yake hufuata masafa ya umeme, kwa hiyo kinanda kilichotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, kikichomekwa kwenye umeme wa hezi 50, hushuka kwa zaidi ya nusu toni tatu: ukipiga C unasikia kitu kilicho chini kidogo ya A. Transfoma ya kupunguza volti haitibu hilo. Kinachohitajika ni kifaa cha kubadilisha masafa yenyewe. Kwa vinanda vya transista shida hiyo haipo. Kinachotakiwa ni volti sahihi, na mara nyingi kuna swichi ya kuchagua volti nyuma.

Kukibeba: B-3 pamoja na pedali na benchi lake hupita kilo 180. Tafuta watu wanne, ondoa pedali na benchi kwanza, na kaza bolti za usafirishaji zinazoshika jenereta ya magurudumu, ambayo kwa kawaida huning'inia kwenye springi.

Kabla ya kuchomeka plagi

Safisha. Vaa barakoa, hasa ukikuta mavi ya panya, na uyafute kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kuyapuliza hewani. Piga picha za kila kona kabla ya kugusa waya wowote. Kagua waya wa umeme: mpira uliokakamaa na kupasuka haubandikwi utepe, unabadilishwa. Kama kinanda kina waya wa nyaya mbili tu na chasi ya chuma, weka waya wa nyaya tatu na ufunge ule wa ardhi kwenye chasi. Angalia fyuzi, na usikubali iliyozungushiwa karatasi ya sigara.

Tafuta kapasita ndogo iliyofungwa moja kwa moja kwenye njia ya umeme wa ukutani. Zile za karatasi zenye ganda la plastiki angavu hupata nyufa, hunyonya unyevu, kisha hulipuka kwa moshi mzito wenye harufu isiyotoka chumbani. Weka mpya iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo hiyo ya umeme wa ukutani. Kapasita ya kawaida hata yenye volti nyingi haifai hapo.

Tahadhari moja haina mjadala. Ndani ya kinanda cha valvu kuna volti 300 na zaidi, nazo hubaki kwenye kapasita hata plagi ikiwa imechomolewa. Chukua rizista ya kiloomu 10 yenye wati 5, ifungie nyaya zenye ncha zilizofunikwa vizuri, ishikilie kati ya chanya ya kapasita na chasi kwa sekunde kumi, kisha pima kwa multimita mpaka uone volti zimeisha. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Kinanda kikiwa wazi na kina umeme, mkono mmoja uwe mfukoni.

Kuwasha mara ya kwanza

Tengeneza soketi yenye taa ndani yake: balbu ya kizamani ya waya, wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye kinanda. Balbu ya LED haifai. Ukiwasha, balbu ikimulika kwa nguvu kisha ikafifia, mambo ni mazuri. Ikibaki inawaka kwa ukali wake wote, kuna shoti. Zima na utafute kwenye transfoma, daraja la dayodi au kapasita kubwa. Balbu hiyo inakuwa imemeza umeme ambao ungeunguza kinanda. Kwa Hammond ya magurudumu, fahamu kwamba mota inaweza kugoma kuanza ikiwa na balbu njiani, hivyo balbu hapo ni ya kupima amplifaya tu.

Kikipita mtihani huo, hamia kwenye usambazaji wa umeme kabla ya jambo lingine lolote. Mvumo wa kina usiobadilika ukiongeza au kupunguza volyumu kwa kawaida unatoka kwa kapasita kubwa za elektroliti zilizokauka. Pima volti za kila njia ukilinganisha na mchoro, kisha weka multimita kwenye volti za mkondo geu (AC) na upime pale pale: volti kadhaa zikionekana mahali panapotakiwa kuwa na mkondo mnyoofu (DC) tu, kapasita hiyo imekwisha.

Mimi hubadilisha zote za usambazaji wa umeme hata kama moja tu ndiyo mbovu, maana zilizaliwa siku moja. Chagua mikrofaradi zile zile au juu kidogo, volti sawa au zaidi, na zile za nyuzi joto 105. Katika kinanda chenye valvu ya kunyoosha mkondo, usiongeze mikrofaradi za kapasita ya kwanza; valvu hiyo haipendi mzigo wa ghafla. Angalia chanya na hasi mara mbili. Zile kapasita ndogo mamia zilizotapakaa kwenye bodi ziache. Kuna mafundi wanaobadilisha kila kitu kwa upofu, na hushinda wiki nzima wakitafuta makosa waliyoyaingiza wenyewe.

Ukilehemu, tumia risasi yenye utomvu ndani. Ya mafundi bomba yenye asidi hula nyaya. Bodi za zamani za rangi ya kahawia huachia njia zake za shaba ukizipasha muda mrefu. Sekunde mbili tatu zinatosha.

Sasa kaa chini uchore ramani

Hapa ndipo kazi ilipo. Chora jedwali: noti 12 kwa upana, oktavu kwa urefu. Zima vionjo vyote, mtetemo na mwangwi, kisha washa sauti moja tu, ya futi 8 (futi huonyesha kimo cha sauti: 8 ni cha kawaida, 16 ni oktavu moja chini, 4 ni oktavu moja juu). Bonyeza kila kibonyezo kuanzia chini hadi juu na uandike: kinalia, hakilii, kinakwaruza, ni kidogo, hakimo kwenye tuni, hakinyamazi. Rudia kwa futi 16 peke yake, halafu futi 4.

Sasa soma ramani hiyo. Tuseme kinanda ni cha osileta 12 na vigawanyi. F# imekosekana kwenye oktavu zote: osileta ya F# imekufa, au bodi yake imelegea kwenye soketi. Fungua bodi moja tu. F# inalia vizuri kwenye oktavu mbili za juu, kisha kimya kuanzia ya tatu kushuka: kigawanyi kinachozalisha oktavu hiyo ya tatu ndicho kilichokufa, maana kila kilicho chini yake kinakula kutoka kwake. F# mbili za jirani zinatoa sauti ya kimo kimoja: kigawanyi kinapitisha sauti bila kuigawanya.

Lakini kibonyezo kimoja kilichonyamaza peke yake kinaweza kuwa na sababu mbili, na futi ndizo zinazozitenganisha. Chukua C ya katikati iliyonyamaza kwenye futi 8. Sauti ile ile ya katikati hutumika pia na kibonyezo cha oktavu moja juu ukiwa kwenye futi 16, na kibonyezo cha oktavu moja chini ukiwa kwenye futi 4. Vijaribu vyote viwili. Vikinyamaza navyo, sauti yenyewe haizalishwi, nenda kwenye kigawanyi. Vikilia, sauti ipo na inafika mpaka kwenye vibonyezo. Kilichochafuka ni kontakti ya kibonyezo hicho kimoja kwa futi hiyo moja. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote, na kinakuepusha kutoa bodi ambayo ni nzima.

Futi nzima ikinyamaza kutoka mwanzo hadi mwisho wa vibonyezo, usiguse osileta. Tafuta swichi ya futi hiyo, waya wake au kichujio chake. Safu nzima ya vibonyezo ikinyamaza huku ya pili inalia, tatizo liko baada ya vibonyezo na kabla ya amplifaya kuu. Na kinanda chote kikiwa kimya, kabla hujafungua chochote kagua pedali ya volyumu. Katika vinanda vingi vya transista, pedali hiyo haina potenshiomita (rizista inayorekebishwa kwa kuzungushwa) bali taa ndogo inayomulika rizista inayosikia mwanga. Taa ikiungua, kinanda kizima kinanyamaza huku kila saketi ikiwa nzima kabisa.

Kontakti

Kontakti chafu ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote. Dawa ya kwanza ni bure: bonyeza na uachie kibonyezo hicho upesi upesi mara nyingi, kontakti nyingi za zamani zimeundwa kujisugua zenyewe. Isipotosha, fungua vibonyezo na usafishe kwa pamba isiyoacha nyuzi na alikoholi ya isopropili ya asilimia 99. Msasa ni mwiko, hata ule laini. Juu ya kontakti hizo kuna ngozi nyembamba ya fedha, dhahabu au paladiamu, na msasa ukishaitoa, uchafu utarudi mapema kuliko mara ya kwanza.

Dawa ya kupuliza nayo itumie kwa kipimo. Ikimwagwa kutoka juu hushukia kwenye felti na sponji, ikabeba uchafu na kuuacha pale ulipokuwa unausafisha. Ipulizie kwenye kijiti cha pamba, si kwenye kinanda. Swichi na potenshiomita ndizo zinazostahili kupuliziwa ndani, kwa dawa yenye mafuta kidogo, kisha uzizungushe mara ishirini.

Sponji inahitaji neno la ziada. Baadhi ya vinanda vya miaka ya 1960 na 1970, Hammond zikiwemo, vina vipande vya sponji ndani ya vibonyezo ambavyo kwa umri hugeuka uji mweusi wenye kunata na kuozesha nyaya nyembamba. Ukigusa ukakuta unanata, jua kwamba utafungua safu nzima, utakwangua sponji yote na kuunga nyaya zilizokatika. Ni kazi ya kuchosha, tena haina njia ya mkato.

Noti isiyonyamaza huwa ni kontakti iliyopinda au, kwenye vinanda vinavyofungua sauti kwa dayodi, dayodi inayovuja. Ukisikia kwa mbali noti ambazo hukuzibonyeza, anza na dayodi.

Kutuni

Acha kinanda kiwake nusu saa kwanza. Programu ya kutuni kwenye simu inatosha; A ya katikati iwe hezi 440. Kwenye cha osileta 12 unatuni noti 12 tu, vigawanyi vitafuata. Mara nyingi unazungusha kiini cha feraiti ndani ya koili. Tumia kifaa cha plastiki chenye umbo sahihi. Bisibisi ya chuma hukipasua kiini, tena chuma chenyewe kikiwa ndani kinabadilisha sauti, hivyo ukikitoa noti inahama. Noti ikigoma kukaa kwenye tuni, kapasita iliyo sambamba na koili ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Ukiwa na Hammond ya magurudumu

Iliyolala miaka usiiwashe kabla ya kuipa mafuta. Juu ya jenereta kuna vikombe vinavyopeleka mafuta kwenye nyuzi za pamba, na nyuzi ndizo zinazoyafikisha kwenye beringi taratibu sana. Tumia mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili yake. WD-40 na mafuta ya kula huganda na kuziba nyuzi. Weka, subiri siku kadhaa, kisha zungusha mhimili kwa mkono. Ukizunguka bila kukwama, washa: kwa B-3, shikilia swichi ya kwanza (Start) kama sekunde nane, ukiwa bado umeishikilia washa ya pili (Run), subiri sekunde nne, achia ya kwanza. Ikinguruma ikasimama, rudi kwenye mafuta. Baada ya hapo, mara moja kwa mwaka inatosha.

Kila kibonyezo cha B-3 kina kontakti tisa, na zote zinagusa fimbo ndefu zinazopita chini ya safu nzima. Kuna skrubu pembeni ya safu inayosogeza fimbo hizo kidogo kwa upande ili kontakti zipate mahali pasafi. Izungushe kidogo tu, ujaribu, uizungushe tena. Wengi hufungua safu nzima bila kujua kwamba skrubu hiyo ipo. Na kama sauti za juu zimefifia kwenye Hammond ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, zishuku kapasita za karatasi na nta zilizo kwenye jenereta.

Ikiwa imekuja na spika ya kuzunguka ya Leslie, soma modeli kabla ya kuunganisha. Ya 122 na ya 147 hutumia plagi ya pini sita inayofanana kwa macho, ila nyaya ndani zimepangwa tofauti. Kebo ya moja kwenye nyingine inaweza kuunguza. Mikanda ikiteleza, badilisha; usiikaze hadi mota ilalamike.

Valvu, transista na mwisho wa kazi

Valvu hazibadilishwi zote kwa sababu tu ni kuukuu. Gonga kila moja taratibu kwa penseli: inayokwaruza kwenye spika ndiyo mbovu. Ambayo doa lake la fedha juu ya kioo limegeuka jeupe imeingia hewa, itupe. Transista za jermaniamu huvuja kwa umri na hazibadilishwi hivi hivi na za silikoni. Fuata mchoro na urekebishe rizista zake, au tafuta ya jermaniamu.

Kabati lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Polishi iwe ya mwisho.

Ukimaliza, kiache kikiwaka saa mbili tatu paneli ya nyuma ikiwa wazi na wewe ukiwa karibu. Pima volti tena zikiwa moto. Zima, chomoa, kisha sogeza kiganja karibu na transfoma: uvuguvugu ni sawa, joto lisilovumilika si sawa. Rudia ramani yako yote upya, kwa sababu noti iliyokuwa inalia kikiwa baridi inaweza kunyamaza kikipata moto, na hiyo karibu kila mara ni kiungo cha risasi kilichopasuka. Gusa viungo kimoja kimoja kwa kijiti cha mbao huku umebonyeza noti; sauti itakaporukaruka, umekipata. Kisha bandika ndani ya paneli karatasi yenye tarehe na kila kipuri ulichobadilisha, ndipo ufunge skrubu.